Fundi wa Sura ya Sita

Muuguzi wa kliniki ya meno alinitazama mimi kwanza, kisha akakitazama kitabu nilichokikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Una miadi na Daktari, dada?"

"Sina. Mwambie ni Wembe."

Akatabasamu. Waliosoma gazeti letu siku za Jumamosi walinijua kwa jina hilo. Wasomaji ndio walionibandika, tangu nilipoanza kuhakiki vitabu vya maisha ya watu: tawasifu za wakubwa wastaafu, wasifu wa wanamuziki, kumbukumbu za mabondia waliosahau kwamba nao waliwahi kupigwa. Ambacho muuguzi hakukijua, wala mhariri wangu hakukijua, ni kwamba mimi na daktari wake tulikuwa tunapendana kwa mwaka na ushee. Na Jumamosi hiyo iliyokuwa inakuja, kwenye uzinduzi wa kitabu alichoandika juu ya marehemu baba yake, mpiga tarumbeta, alikuwa amepanga kunishika mkono na kunipeleka mbele ya mama yake.

Mgonjwa akatoka ameshika shavu. Nikaingia.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Aliponiona kwenye kioo, uso wake wote ukafunguka.

"Umekisoma!" Akageuka, maji yanamdondoka. "Usiniambie. Ngoja, niambie. Hapana, ngoja kwanza nikae." Akajilaza kwenye kiti cha wagonjwa, akafumba macho, akafungua mdomo. "Haya, ng'oa."

Siku nyingine ningecheka mpaka muuguzi asikie. Mwanamume yule alinipata kwa utani wa namna hiyo hiyo, mimi nikiwa nimelala kwenye kiti hicho hicho na nusu ya uso imekufa ganzi, siwezi hata kumjibu. Lakini siku ile nilibaki nimesimama, nikazitazama kope zake zilivyokuwa zinachezacheza kwa furaha, nikajisikia vibaya kama mtu aliyeleta habari ya msiba kwenye nyumba inayocheza ngoma.

"Kaa sawa," nilisema.

Akafumbua macho. Akakaa.

"Sura ya sita," nikasema.

"Ile ya yule mwanamke?" Akashusha pumzi. "Mchapishaji anasema ndiyo sura bora kuliko zote. Unaionaje?"

"Nani alikusimulia?"

"Mama. Nani mwingine? Baba alikufa nikiwa mvulana wa shule, hakuniambia lolote zaidi ya jinsi ya kupuliza tarumbeta. Kwani vipi?"

"Umeandika kwamba alikuwa fundi cherehani."

"Ndiyo."

"Ana kidoti juu ya mdomo. Nyumba yake inatazamana na kituo cha zimamoto."

"Ndiyo, ndivyo mama anavyokumbuka. Wembe, mbona unanihoji kama..."

"Mimi nimelelewa na ving'ora vya zimamoto," nikamkatiza. "Na kidoti hicho nimekibusu tangu nijue kubusu. Fundi wako ni mama yangu."

Alichukua taulo akaanza kufuta mikono ambayo ilikuwa imekwisha kauka. Alifuta kidole kimoja kimoja. Halafu nikaona rangi inamtoka usoni, nikajua limempitia wazo lile lile lililonipitia na mimi usiku nilipokuwa nasoma.

"Usiogope hilo," nikasema upesi. "Baba yako alipoanza kuja kwetu mimi nilikuwa tayari naenda shule. Baba yangu ni mwingine, na kaburi lake nalijua."

Akaketi tena kwenye kiti cha wagonjwa, safari hii pembeni, kama mgeni.

"Inawezekana umekosea. Mafundi ni wengi."

"Suti ya buluu uliyoieleza, ile aliyovaa kwenye picha ya jalada, mimi ndiye niliyeokota pini zake sakafuni. Alikuwa ananiruhusu kugusa vitufe vya tarumbeta. Alikuwa ananiita 'bosi'. Siku hizo mama alikuwa anaimba akishona. Baada ya hapo sikumsikia akiimba tena."

"Sawa. Tuseme ni yeye." Sauti yake ilikuwa imeanza kukaza. "Basi ni yeye. Mtoto wa darasa la pili anajua nini kuhusu mambo ya wakubwa? Mama yangu ndiye aliyelala njaa ya mume. Ndiye aliyeachwa."

"Na mama yangu ndiye aliyedanganywa."

"Unamwita mama yangu mwongo?"

"Wewe umemwita mama yangu malaya."

"Sikutumia neno hilo!"

"Hukulitumia. Umelizunguka kurasa nne mpaka msomaji analitamka mwenyewe. Huo ndio uandishi mzuri, Daktari. Ungekuwa umeandika vibaya nisingekuja hapa natetemeka."

Muuguzi akabisha mlango, akachungulia, akaona nyuso zetu, akaufunga taratibu.

"Utaandika nini?" akaniuliza.

"Mhariri anasubiri uhakiki leo jioni."

"Nimekuuliza utaandika nini."

"Sijui."

Akanyanyuka, akaja karibu, akanishika mabega. Mikono yake ilinuka mafuta ya karafuu, harufu ambayo kwa mwaka mzima nilikuwa nikiikuta kwenye blauzi zangu na kuinusa kwa siri ofisini kama msichana wa shule.

"Nisikilize, mpenzi. Usiandike hayo. Mama yangu ametoka kwenye kifo cha baba akiwa na kitu kimoja tu, heshima yake. Ukiiandika hadithi nyingine gazetini, hatakubali kamwe uvuke kizingiti chake. Kamwe. Namjua."

"Na nisipoiandika, nitakivuka kizingiti hicho nikiwa nani? Binti wa yule mwanamke wa sura ya sita, anayekaa mezani na kupokea chai kwa mikono miwili?"

Akaniachia mabega. Nilitoka nikampita muuguzi, nikapita watu watatu wenye mashavu yaliyovimba, na nilipofika barabarani ndipo nilipogundua kwamba sikulia.

Nilimpigia simu mhariri nikamwambia sitahakiki kitabu kile.

"Hukitaki kwa nini? Kibaya?"

"Namjua mwandishi."

"Unamjua vipi?"

"Namjua vya kutosha."

"Ungeniambia nilipokupa," akasema. "Ukurasa wangu nitaujaza na nini sasa?" Alikuwa na haki. Nilikipokea kitabu kile kwa tamaa ya mapenzi. Nilitaka niwe wa kwanza kukisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamuahidi kumpa uhakiki wa tawasifu ya rubani mstaafu niliyokuwa nimeiweka akiba. Akaniambia niulete kabla hajaota mvi. Kisha nikaenda kwa mama.

Nilimkuta anashonea mikono ya gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni. Mama anaweza kuongea na pini mdomoni saa nzima na asimeze hata moja. Nikamweleza yote nimesimama, kitabu bado kwapani. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipomaliza, akatema pini moja moja kwenye kiganja.

"Ameandika vizuri?"

"Mama!"

"Nauliza. Si wewe unayesema kitabu kizuri ni kizuri hata kama mwandishi wake mpumbavu?"

"Ameandika vizuri sana."

"Hapo ndipo aliponikosea," akasema. "Angeandika vibaya ningemsamehe, nani angesoma?" Akaligeuza gauni. "Huyu ndiye yule wako wa meno?"

"Ndiye."

"Unampenda?"

Nikakihamishia kitabu kwapa la pili.

"Nimekuuliza, mwanangu. Pini zimetoka mdomoni, nataka jibu."

"Nampenda, mama. Nampenda na nimemkasirikia mpaka kifua kinauma."

"Basi mlete. Na aje na kitabu chake. Aliyoyaandika kunihusu aje anisomee mwenyewe, kwa sauti, hapa."

Nilimtumia ujumbe. Sikutarajia aje. Kesho yake mchana, gari lake likasimama mbele ya kituo cha zimamoto, akavuka barabara akiwa amevaa shati jeupe kama anayekwenda kufanyiwa usaili. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama mara moja tu, na mtazamo ule ulinipitia mpaka miguuni, maana ndani yake kulikuwa na ombi. Sikulijibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Mama akamwonyesha kigoda ambacho wateja hukalia wakisubiri kupimwa. Alipokaa magoti yalimfika kidevuni. "Mrefu kama baba yako. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo, lakini si kitu. Soma."

Akafungua kitabu. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ya kukatia, nimejishika ukingo wake. Akaanza kwa sauti ya chini, na mama akamwambia apaze. Akapaza.

"'Katika mtaa ule aliishi mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwapima wanaume. Mchana aliwapima kwa utepe, jioni kwa macho.'"

Akasita.

"Endelea."

"'Baba yangu aliingia kwake kutafuta suti, akatoka akiwa amevuliwa kila kitu. Alimvua mke, akamvua mtoto, akamvua...'" Akafunika ukurasa kwa kiganja. "Mama, naomba..."

"Hapo ndipo pameandikwa vizuri. Rudia hapo, kisha umalize."

Nilitaka kusema basi. Nilimtazama mama nikaona mkono wake umeing'ang'ania cherehani, nikajua kwamba haadhibu mtu. Alikuwa anajikaza asikie mpaka mwisho jambo ambalo wengine wangelisoma bila yeye kuwepo.

Daktari akarudia. Akasoma mpaka mwisho wa sura, pale fundi anapomtupa nje mpiga tarumbeta akiwa hana faida tena kwake. Alipofunga kitabu jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni.

"Ahsante," mama akasema. "Sasa na mimi nikusomee yangu, ila haijaandikwa. Baba yako alikuja hapa akaniambia yeye ni mgane, mkewe amekufa. Alinionyesha hata huzuni yenyewe. Alilia hapo hapo ulipokaa, na mwanamke akishamwonea mtu huruma, amekwisha. Nikampikia. Nikamshonea. Nikamzoesha mtoto wangu kwake. Miezi, si siku. Halafu ikaja siku moja ya mvua, mlango ukabishwa, nikamkuta mwanamke amelowa chapachapa. Akaniuliza, 'Wewe ndiye mke wake?' Nikamwambia, 'Nakaribia kuwa. Na wewe nani?' Akasema, 'Mimi ndiye marehemu.'"

Daktari akainua kichwa.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema. Na Mungu atusamehe, tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana, halafu tukalia. Nikampa kanga kavu, nikampa chai. Jioni baba yako aliporudi alitukuta tumekaa pamoja. Sijawahi kuona mwanamume anatafuta mlango ambao yuko ndani yake. Nikazipiga pasi nguo zake zote, nikazikunja, nikamkabidhi mama yako. Nikamwambia, 'Dada, mzigo wako huu.' Wewe umeandika nilimkamua nikamtupa. Sikumtupa. Nilimpiga pasi nikamrudisha."

Nje kengele ya zimamoto ililia, watu wakakimbia, gari likatoka. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Kwa nini mama aniambie vingine?" Daktari akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisikika kama mtoto.

"Hilo si la kuniuliza mimi. Nenda kamuulize aliyekuambia. Na ukimuuliza, usimpandishie sauti. Yeye ndiye aliyerudi nyumbani na mzigo, si mimi."

Nilimsindikiza mpaka nje. Alisimama kando ya gari akashika mlango bila kuufungua.

"Wembe, mimi..."

"Nenda kwanza."

"Ukisema tumekwisha, sema sasa hivi nijue."

"Sijasema tumekwisha. Nimesema nenda kwanza."

Usiku ule simu yangu haikulia. Asubuhi ya Jumamosi nilikaa kwa mama, gazeti limefunguliwa kwenye ukurasa wangu, rubani mstaafu anapaa kwenye mawingu na mimi siyasomi maneno yangu mwenyewe. Saa ya uzinduzi ikakaribia. Niliwaza ukumbi, viti, picha ya mpiga tarumbeta ukutani, na yeye amesimama mbele ya watu anasoma sura bora kuliko zote. Nikajiambia akiisoma, basi. Hata kama moyo utakatika vipande, basi.

Gari lake likasimama nje.

Kwenye kiti cha mbele aliketi mwanamke mzee aliyevaa nguo za sherehe, kilemba cha dhahabu, mkoba mapajani. Daktari akamfungulia mlango. Mwanamke hakushuka. Nikamsikia Daktari akisema, "Mama, tumefika," na yeye akajibu, "Naona. Mimi si kipofu." Walikaa hivyo kitambo, mlango wazi, kisha akashuka bila kushika mkono aliopewa.

Daktari alinipita karibu akaninong'oneza: "Uzinduzi nimeuahirisha. Mchapishaji ananitafuta kama mwizi. Mama nilimuuliza, hakunijibu kitu usiku kucha. Asubuhi akavaa, akasema nimpeleke ukumbini. Nikamwambia leo gari linakwenda sehemu moja."

Nilijikuta nimemshika kiwiko. Sijui kama alihisi.

Mama yangu hakuinuka. Wanawake wawili wakatazamana.

"Umenenepa," alisema mgeni.

"Wewe umekonda. Karibu."

"Sikuja kupatana. Nimekuja kwa sababu mwanangu amekataa kunipeleka kokote kwingine." Alibaki amesimama katikati ya chumba, mkoba ameushika kwa mikono yote miwili. "Ni kweli nilimwambia hayo. Baba yake alikuwa amekufa, mtoto analia kila siku, anavaa viatu vya baba yake vinampwaya. Ningemwambia nini? Kwamba baba yako alinizika nikiwa hai? Marehemu haombi msamaha, fundi. Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nikatafuta mtu aliye hai."

"Ukanipata mimi."

"Nikakupata wewe. Ulikuwa mbali, na ulikuwa umenitendea wema. Mtu aliyekutendea wema ukiwa umelowa humpendi, unamkwepa."

Mama akawaza hilo. "Ningekwepa na mimi," akakubali.

"Sikujua ataandika. Ni daktari wa meno! Nani anategemea daktari wa meno aandike?" Akamgeukia mwanawe, midomo inamchezacheza, kisha akanigeukia mimi. Alinipima toka kichwani mpaka viatuni, na nikaona kwamba hapendi anachokiona, au kwamba hataki kupenda. "Wewe ndiye unayehukumu vitabu vya watu gazetini."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Cha mwanangu ulikuwa uandike nini?"

Daktari akanitazama. Mama akanitazama. Ningeweza kutafuta neno laini. Lugha yetu inayo mengi.

"Ningeandika kwamba kinasomeka kwa raha na kwamba mwandishi ana sikio la lugha," nikasema. "Na kwamba anampenda baba yake kiasi kwamba ilibidi atafute mtu mwingine wa kubeba makosa yake. Ningesema sura ya sita ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na ndiyo pekee isiyo na mtu ndani yake. Fundi hana jina, hana mtoto, hasemi hata neno moja."

"Mkali," mwanamke akasema. "Na sasa utaandika hayo?"

"Sasa siwezi kuandika kitu, mama. Mhakiki haruhusiwi kuhakiki vitabu vya watu wa nyumbani kwake."

Neno lilikuwa limekwisha nitoka. Nikahisi uso unawaka. Daktari, ambaye tangu aingie alikuwa ameegemea mlango kama mshtakiwa, aliinua macho polepole akayaweka juu yangu, na hakuyaondoa.

"Nyumbani kwake," mama yake akarudia, neno moja moja, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mtu mwingine. "Fundi, umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia."

"Mimi sijakubali chochote."

"Na mimi sijakuomba ukubali. Mwanao hajaniomba radhi vizuri bado, na hiyo sura anayo kazi ya kuiandika upya, hata kama itamchukua mwaka. Tukifika huko tutaona." Mama akasukuma gauni la bibi harusi pembeni, akakipangusa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakisogeza mbele. "Ila umesimama kwa muda mrefu na magoti yako nayaona yanavyokusumbua. Kaa."

Mwanamke alikitazama kiti. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akakunja midomo kama anayezuia jambo lisimtoke.

Kisha akaweka mkoba chini, akakaa.